Maji yanatoka puani baada ya ajali ya boda, ni mafua au ni ya ubongo?

Dada wa Kihonda
Wadau habari za usiku. Mdogo wangu alianguka na boda Jumamosi, helmeti kaitundika kwenye usukani kama kawaida yao, akapiga paji la uso kwenye ukingo wa mtaro. CT scan imeonyesha ufa kwenye mfupa wa chini ya fuvu, damu ndani hakuna, na anaongea vizuri tu. Sasa tangu jana akiinama kutafuta ndala pua ya kulia inadondosha maji, meupe kabisa kama ya bomba, na anasema kooni anasikia chumvi. Shemeji yangu ana kisukari akaleta kimashine chake akaweka tone, kikasoma 3.9, akasema hayo ni ya ubongo maana kamasi haina sukari. Wodini wanasema alale kichwa kimeinuliwa na asipenge. Basi. Hakuna antibayotiki, hakuna dexa (ile dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe). Hivi mtu anavuja ubongo unamwambia alale??

Mpimaji
Pole sana dada. Shemeji kajitahidi ila kile kimashine kinadanganya. Ni kweli maji ya ubongo yana sukari, kama theluthi mbili ya ile ya kwenye damu, lakini machozi nayo yana sukari kidogo, na hapo puani ameumia, damu ikichanganyika humo tu stripu inasoma. Ubaya zaidi ni upande wa pili: bakteria wakiingia kwenye maji ya ubongo sukari inashuka, yaani kimashine kinaweza kukwambia "siyo" siku ambayo hatari ndiyo kubwa. Kipimo cha kuaminika kinatafuta protini inaitwa beta-2 transferini, kwenye kamasi haipo, ila si kila maabara inacho. Mimi hiyo chumvi kooni na kutoka pua moja akiinama vinanishtua kuliko hiyo 3.9.

Babu Tiba
Mzibeni pamba yenye mafuta ya mwarobaini, kesho kimekauka.

Sista wa Usiku
Babu usituulie mtoto. Puani hapaingii kitu, si pamba, si mpira wa kulishia, njia ikiwa wazi kitu kinaweza kwenda moja kwa moja hadi ndani ya fuvu.
Dada, kichwani na uti wa mgongo mna maji kama mililita 150 hivi kwa wakati mmoja, na mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, kwa hiyo hayataisha, na anachovuja si ubongo wenyewe. Kinachotakiwa ni presha ya mle ndani isipande ule ufa upate kujiziba, ndiyo maana ya mto kuinuliwa nyuzi 30. Wengi wa ajali hukauka wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, yasipokauka ndo wanafikiria mrija wa kiunoni wa kupunguza hayo maji au upasuaji wa kuziba. Antibayotiki ya kujikinga haijaonyesha faida ya maana, unaweza kuishia kufuga wadudu sugu. Na dexa kwa kichwa cha ajali sahau, kuna utafiti mkubwa wa CRASH wa 2004, wagonjwa zaidi ya 10,000, waliopewa steroidi walikufa wengi kuliko waliopewa dawa bandia. Wewe kesha unaangalia homa, shingo kukaza, kukimbia mwanga, au akianza kuongea vitu havieleweki. Kimoja tu kikitokea mwite dokta hata saa nane usiku, hapo ndo watatoa maji mgongoni wapime sukari, protini na seli nyeupe, na wataangalia kwanza CT kama ni salama kuchoma hiyo sindano ya mgongo.

Dada wa Kihonda
Asanteni jamani nimepumua. Asubuhi hii mto ulikuwa mkavu, akiinama bado tone moja mbili. Kimashine nimemrudishia shemeji, kanuna.

Sista wa Usiku
Atazoea. Choo amepata?

Dada wa Kihonda
Leo siku ya tatu hajapata, anasema anajikamua hadi kichwa kinagonga

Sista wa Usiku
Mwambie aache kujikamua sasa hivi, na usisubiri raundi, nenda mezani kwa manesi waombe dawa ya kulainisha choo. Na akitaka kupiga chafya aachie mdomo wazi, asibane pua.