Tupeane uzoefu: gemu za mtandaoni tuzigawe vipi kwa aina?

Mdau_Maweni (mwanzisha mada):
Wadau, salaam. Nina chumba cha gemu hapa Maweni, Malindi, na ubaoni nimezipanga gemu kwa aina ili mteja ajue analipia nini. Ugomvi uko kwenye kundi la "za bunduki". Call of Duty: Mobile peke yake ina mechi za watano kwa watano, ukiuawa unarudi papo hapo. Humo humo kuna BR (battle royale), watu mia wanashuka kwenye ramani moja wanapigana hadi ibaki timu moja. Kijana analipa, anaingia BR, anauawa mapema, anatolewa, kisha ananijia juu: "Bro, hii si ile niliyocheza jana." Na kweli si ile. Msimamo wangu ni kwamba silaha haitoshi kuwa aina. Aina iseme mnaingia wangapi, ukifa unarudi au ndiyo basi, na mechi inachukua muda gani. Leteni yaliyowapata nyinyi wenyewe.

Bi_Langoni:
Ahsante mwanangu. Mimi niko Lamu. Mpwa wangu ni wa Free Fire, na kila nikimwita jawabu ni moja: "Shangazi ngoja, haisimami." Siku moja nikakaa ubavuni mwake nitazame hiyo isiyosimama. Watu hamsini wanashuka kisiwani, kuna duara la usalama linazidi kubana, ukibaki nje yake unaumia. Akaweka simu chini kidogo tu apokee chai. Yule mtu wake akabaki kasimama peupe, akapigwa, na wenzake watatu wakaanza kumpigia kelele kwenye spika. Mechi yenyewe ni dakika kumi hivi. Tangu hapo tumekubaliana kwamba adhana ikikaribia hafungui mechi mpya, na nyumba imetulia. Neno "haisimamishwi" likiandikwa kando ya jina la gemu, wazazi wengi watapata afueni. Vifupisho kama hiyo BR havinisaidii kitu.

Kijana_wa_Shela:
Naunga mkono, na kisa changu ni cha MOBA. Binamu aliniwekea Mobile Legends akaniambia "ni MOBA tu, utaizoea". Kirefu chake ni uwanja wa mapambano mtandaoni wa wachezaji wengi. Sasa niambieni, Counter-Strike, ile ya bunduki, si hivyo hivyo? Free Fire je? Nikaingia nikitarajia kulenga shabaha. Nikakuta njia tatu, minara, na askari wadogo wa kompyuta wanaotembea wenyewe kuelekea kwa adui. Mnaingia watano kwa watano. Ukiua unapata dhahabu, dhahabu unanunulia vifaa, na mechi haiishi mpaka ngome kuu ivunjwe. Mimi nilikuwa naua kuliko wenzangu wote na tunashindwa, kwa sababu minara siigusi.

Mtindo huu ulienezwa na DotA, waliyoitengeneza mashabiki juu ya gemu ya mkakati, Warcraft III. Jina la MOBA likasambazwa na League of Legends, iliyotoka 2009. Kampuni ya Valve, Dota 2 yao waliitafutia jina jingine kabisa, la mkakati na mapambano, halikushika. Yaani jina linapita kwa nguvu ya anayeuza, na mchezaji mgeni hafaidiki. Mimi ningeandika "njia tatu na minara", mtu anaelewa kabla hajagusa simu.

Nahodha_wa_Ngome:
Napinga kidogo. Hayo majina mnayoyalaumu ndiyo yanayotafutwa. Andika MMO (gemu za mtandaoni za umati wa wachezaji) kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, zinakuja MMO. Vijana wangu hapa walizoea majina yetu ya mtaani. Walipotafuta timu ya kucheza nayo Nairobi hawakueleweka hata kidogo. Halafu majina hujirekebisha. Baada ya Doom ya 1993, gemu za kupiga risasi kwa jicho la mchezaji ziliitwa tu nakala za Doom. Leo ni FPS na hakuna anayelalamika.

Mdau_Maweni:
Hapo kwa kutafuta umenipata. Basi herufi zibaki, na chini yake mstari mmoja wa maelezo. Kwa mfano: "Free Fire. BR. Watu 50, dakika kumi hivi, haisimamishwi." Ila kwa kusubiri majina yajirekebishe sikubali. Mteja wangu analipa leo.

Baraza_Mkomani:
Ongeza na hili: inahitaji bando au haihitaji. Sisi data ikiisha tunacheza Among Us barazani, mmoja anawasha hotspoti, wengine wanajiunga, bila kutumia hata senti ya bando. Kila mahali utaikuta imewekwa na za mtandaoni, na mdogo wangu alikuwa haigusi akidhani itamla data. Bunduki haina nafasi pale. Kazi kubwa ni maneno. Mnafanya kazi kwenye chombo cha anga, msaliti anaua kimyakimya, mwili ukionekana mnakaa kikao mnashutumiana hadi mtu atolewe kwa kura. Mimi ningeipa aina ya "msaliti kati yetu", wachezaji 4 hadi 15, bando si lazima. Na Bi Langoni, hii nayo haisimamishwi, ila raundi zake ni fupi, mpwa wako atawahi.