Mjadala: Mtoto aliyedhulumiwa asemewe na nani kortini?

Wenzangu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, kesi ya dhuluma dhidi ya mtoto ikifika kortini, serikali huwa na kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa akijiweza huweka wakili. Mtoto ana nani?

Wengi watasema afisa wa watoto. Nawaheshimu sana maafisa hao. Lakini ndiye huyohuyo anayetafutia makao kitoto kilichotupwa, anayepatanisha wazazi wanaogombea matunzo, na anayemwandikia hakimu ripoti. Muda wa kumzoea mtoto mmoja hadi afunguke hana.

Tazama benchi la nje ya korti. Mtoto wa darasa la tatu, kavaa sare, ameketi na shangazi aliyemleta, na shangazi huyo ni dada ya mshtakiwa. Kesi inatajwa, inaahirishwa, wanapanda matatu moja kurudi nyumbani. Njiani anaambiwa nini? Siku ya ushahidi akisema hakumbuki chochote, tusijifanye kushangaa.

Katiba, kifungu cha 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inampa hakimu uwezo wa kuagiza mtoto apewe wakili. Ni vyema, ila wakili humwona mtoto siku ya kesi. Mimi nataka mtu wa kumwona siku nyingine zote.

Kule Seattle, Marekani, Jaji David Soukup alianzisha mpango wa watu wa namna hiyo mwaka 1977: raia wa kujitolea wanafunzwa, kisha mahakama inawakabidhi mtoto mmoja au wachache. Wanaenda kwake, shuleni, kwa daktari, halafu wanamweleza jaji walichokiona. Walimu na wauguzi wastaafu tunao tele hapa.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu: kijijini sote ni ndugu, huyo mjitoleaji atanunuliwa. Ni kweli, hatari ipo. Basi atoke wadi nyingine, achunguzwe na polisi kwanza, na awajibike kwa hakimu, si kwa chifu. Ila wanaotaka mambo yamalizwe na wazee nyumbani siwakubalii hata kidogo. Faini ya mbuzi huliwa na watu wazima, na mtoto hurudishwa kulala nyumba ileile.

Na mnaoshikilia kwamba wakili pekee anatosha, tuelezeni: kesi ikiahirishwa miezi mitatu, nani atakayepita kumjulia hali mtoto huyo?