Naomba ushauri: mwanzilishi wa shirika kuwa mwenyekiti na mkurugenzi kwa pamoja

Ndugu zangu, habari zenu. Niko kwenye bodi ya shirika dogo hapa Temeke, lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, linalowafundisha ushonaji na uchomeleaji vijana waliotoka mitaani. Mwanzilishi wetu, mama ninayemheshimu sana, ndiye mwenyekiti, ndiye mkurugenzi, na ndiye anayetia saini hundi zote. Wafadhili wameanza kuhoji.

Napendekeza abaki mkurugenzi, uenyekiti ashike mwingine, na binti mmoja aliyepitia kwetu, ambaye sasa ana cherehani yake na wateja wake, aingie kwenye bodi. Wenzangu wanahofia kwamba hataweza kumpinga mama aliyemlea.

Waliowahi kutenganisha nafasi hizi, mlianza kwa kurekebisha katiba ya shirika au kwa kuzungumza kwanza na mwanzilishi?