Tupeane uzoefu: mliowahi kubadilishana printi (picha tunazochapa kwa ubao au sahani ya kuchonga) na wasanii wa nchi nyingine, ilikuwaje?

MchongaPlaiwudi
Wakuu habari za jioni. Leo napanga stoo nikakuta boksi la printi za 2016, zile tulizobadilishana wachapaji 12 wa nchi sita, hakuna taasisi wala mfadhili, kila mtu anachapa nakala 14 anamtumia mratibu, mratibu anazichanganya anakurudishia seti yenye kazi moja ya kila mtu, mbili zinabaki kwa ajili ya maonyesho. Nimekaa chini sakafuni nazitazama moja moja mpaka giza limeingia. Nataka kuanzisha nyingine mwakani. Waliopita njia hii semeni, hasa kwenye kutuma mzigo na kwenye kufanya kazi na makyureta, wale wapangaji wa maonyesho.

BintiMikocheni
Nakaa hapa nisome. Yangu ilifika imekunjwa katikati kama barua.

RolaNaWino
Umenikumbusha kitu sijawahi kukisimulia. Nilipata nafasi kwenye mabadilishano na wenzetu wa Ulaya, nikaamua kupeleka wudikati ya rangi nne, ile ya kuchonga ubao mmoja hadi uishe: unachapa rangi ya kwanza nakala zote, unauchonga tena, unachapa ya pili, hivyo hivyo, wanaoijua wanajua hapo hakuna kurudi nyuma, ukishachonga ya tatu zile mbili za mwanzo zimekwenda. Ilikuwa Aprili, masika imekolea, wino wa mafuta haukauki ng'o, nilikuwa nasubiri siku tisa kati ya rangi na rangi, printi zinaning'inia kwenye kamba chumba kizima, mke wangu na watoto wakahamia sebuleni. Presi, mashine ya kuchapia, sina, nasugua kwa mgongo wa upawa, nakala 20 mara rangi nne ni mara 80, kiganja kikavimba. Kwenye fomu ya kutuma nikaandika thamani dola 1,500 maana ndiyo bei yangu ya galari, nikaona nisijishushe. Mzigo ukashikwa kule kule, wanataka ushuru, mratibu hana hela kwa sababu shughuli ni ya wasanii wenyewe, mimi ndo kabisa, barua pepe zinakwenda zinarudi wiki saba. Ulipotoka, kumbe nilizifunga kwenye nailoni ndani hazijakauka sawasawa. Zimegandana. Mratibu akanipigia simu ya video anazibandua mbele yangu, kila akivuta moja nyekundu yote inabaki mgongoni mwa iliyokuwa juu yake. Nikamwambia dada acha, inatosha. Siku ya maonyesho waliweka jina langu ukutani na msumari mtupu. Nilitumiwa picha ya huo msumari. Sijaifuta na siwezi kuiangalia.

BintiMikocheni
Pole jamani kaka yangu 😢

Kidato77
Pole mkuu. Siku nyingine andika "sampuli" thamani dola kumi, hawakugusi. Mimi miaka yote nafanya hivyo.

MamaEchingi
Kidato mwanangu usimfundishe mwenzio kudanganya. Mzigo ukipotea utadai hizo dola kumi? Kubadilishana si kuuza, andika gharama halisi ya karatasi na wino, ambatanisha barua ya mratibu inayosema haya ni mabadilishano ya wasanii na hakuna mauzo. Mimi nimetuma hivyo mara nne.

Kidato77
Shikamoo mama, kwa heshima zote, barua haisomwi na mtu. Afisa anaangalia namba tu.

MamaEchingi
Marahaba. Yangu ilisomwa.

Kidato77
Basi ulibahatika.

MutubaMasaka
Mimi shida yangu haikuwa bei. Huku kwetu Uganda nilichapa juu ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalogongwa hadi linakuwa kama kitambaa, kazi ya kugonga magome ya Baganda iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Nikafurahi nikasema wenzangu wa nje watashika kitu cha nyumbani. Walichouliza mpakani ni cheti cha afya ya mimea! Ati hili ni gome. Nikarudishiwa. Kwa hiyo ukitumia lubugo au ukindu au chochote cha mti, uliza kwanza kule kinakokwenda.

JinoLaPatasi
Vifungeni kwenye bomba la PVC la fundi bomba, inchi nne, mifuniko huku na huku. Hata tembo akilikanyaga.

BintiMikocheni
Bomba ndo liliharibu ya mwenzangu, ilijikunja haikunyooka tena. Weka bapa kati ya plaiwudi mbili, na kila printi itenganishe kwa karatasi ya kuokea keki.

MwanaKizingo
Nyie mwasema posta. Mie niliachia ubao. Nilialikwa mahali mwezi mzima, tukachapa pamoja, edisheni yangu, yaani nakala zote za kazi ile, 15, zote nikasaini kwa penseli. Kyureta akaniomba ubao ubaki ati wageni waone ulivyochongwa, nikampa kwa moyo mweupe. Miaka miwili baadaye sahibu yangu anitumia picha kutoka mnadani, printi yangu, imeandikwa 22/30, yaani nakala ya 22 kati ya 30. Saini kama yangu, ila mie mkia wa herufi ya mwisho huushusha, ule umepanda juu. Wallahi nilikaa siku mbili sisemi na mtu.

JinoLaPatasi
Weee!! 22/30??

RolaNaWino
Mtaje huyo mtu.

MwanaKizingo
Simtaji. Sina ushahidi ni nani aliyechapa, ubao ulipita mikono mingi.

Kidato77
Ndo maana nasema makyureta wasiwemo kabisa. Sisi kwa sisi.

MpangaUkuta
Mimi ni kyureta na limeniuma. Aliyefanya vile ni mwizi, hiyo si kazi yetu. Lakini nani aliandika barua za viza zenu, nani alilala kwenye galari usiku kupachika kazi 60? Sikulipwa hata senti, na ningefanya tena. MwanaKizingo, edisheni ikiisha ubao unachongwa mstari mkubwa kati kati, unachapa nakala moja ya kuonyesha kwamba umefungwa, halafu wakitaka kuuona wauone na mkwaruzo wake.

JinoLaPatasi
Mimi siwezi kuuchana ubao wangu. Nauweka chini ya godoro nalalia.

MamaEchingi
Na mimi siuchani. Aliyenifundisha echingi, ile ya kuchapa kwa sahani ya metali iliyoliwa na asidi, alipitia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Upanga, Dar es Salaam, enzi za wasanii akina Lilanga na Ntila, na alikuwa anasema sahani ni kumbukumbu ya mkono. Rudi nayo nyumbani, basi.

MpangaUkuta
Nyumbani nako kunaungua mama. Artist Proof Studio, karakana ya wachapaji ya Johannesburg, Kim Berman na Nhlanhla Xaba waliianzisha 1991, mwaka 2003 moto ukateketeza kila kitu na Xaba mwenyewe akafia humo. Waliobaki walianza upya. Mimi ndiyo sababu napenda haya mabadilishano, kazi zako zikiwa nchi sita moto mmoja hauzimalizi.

MamaEchingi
Hilo nakubali.

MchongaPlaiwudi
Asanteni, nimeandika yote. Ubao unabaki kwa mwenyewe, hilo naliweka mstari wa kwanza. RolaNaWino, nakuwekea nafasi, na printi zako nitazifuata mwenyewe kwa basi, posta hazigusi.

RolaNaWino
Rangi ngapi?

MchongaPlaiwudi
Nyeusi tu. Na tutachapa Septemba, jua likiwa kali.

RolaNaWino
Niandike.

BintiMikocheni
Na mimi. Karatasi saizi gani?