Baada ya Ngome ya Yesu, tutazame nini katika Mji wa Kale wa Mombasa?

Mama Wawili, Nakuru

Hamjambo nyote. Mwezi wa Januari nitashuka Mombasa pamoja na mama yangu, ambaye ana umri wa miaka 71 na hutembea polepole, na watoto wangu wawili wanaosoma shule ya msingi. Tutakuwa na siku moja tu ya kuuzuru Mji wa Kale. Nilipofika huko mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, kikundi chetu kiliingia Ngomeni, kikatoka, kikapanda basi, na hadi leo ninasikitika kwamba niliupita mji wenyewe bila kuuona. Safari hii sitaki watoto warudi na picha za mizinga peke yake. Naomba wenyeji mnieleze ni majengo gani tusiyakose, tuyafuate kwa njia ipi, na kama sisi tusio Waislamu tunaruhusiwa kuikaribia misikiti ya kale.

Mwana wa Kibokoni

Karibu sana, dada, na umfikishie mama salamu zangu. Mimi nimezaliwa na kulelewa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwao.

Mkitoka Ngomeni, ifuateni Ndia Kuu. Jina hilo lenyewe ni somo kwa watoto, kwa sababu katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, njia huitwa ndia, na ndia hiyo ambayo leo magari hupishana kwa taabu ndiyo iliyokuwa kuu katika mji. Waambie watembee wakitazama juu. Nyumba nyingi za hapo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Chini palikuwa na duka, juu wakaishi wenye nyumba, na mbele ikatokezwa roshani ya mbao ili upepo wa bahari uingie na watu wa ndani waone barabarani bila wao kuonekana. Nakshi za roshani hizo zina mkono wa mafundi wa Kihindi, na ukizilinganisha mbili au tatu utaona kwamba kila fundi alikuwa na maua yake.

Milango nayo itazameni kwa utulivu, hasa mfaa, ule mti uliosimama katikati ya mbao mbili za mlango, kwa kuwa hapo ndipo fundi alipoonyesha ustadi wake wote. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na mlango wa namna hiyo. Ulipouzwa, mnunuzi aliung'oa pamoja na kizingiti chake, na mahali pake pakatiwa mlango wa chuma. Nilikuwa na umri wa miaka 11, na mpaka sasa nikipita hapo moyo huniuma. Ndiyo maana ninawaomba wageni waitazame iliyobaki na kuisifu mbele ya wenyewe, kwa maana mwenye nyumba anayesifiwa mlango wake huona haya kuuuza.

Mbele zaidi mtaufikia Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ulijengwa mnamo mwaka wa 1570 na ambao bado unaswaliwa. Yaani watu wa Mombasa walikuwa wakisujudu hapo zaidi ya miaka 20 kabla Wareno hawajaanza kuijenga ngome yao. Mnara wake mweupe, mpana chini na mwembamba juu, mtaweza kuutazama mkiwa nje bila kumwomba mtu idhini.

Malizieni kwenye Bandari ya Kale na Nyumba ya Leven iliyo karibu nayo. Nyumba hiyo ina jina la meli ya Kapteni William Owen, Mwingereza ambaye mwaka wa 1824 aliombwa na Mazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, awape ulinzi dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani. Ulinzi huo haukudumu, kwani ulikwisha mwaka wa 1826. Ngazi zinazoteremka kutoka hapo hadi majini bado zipo.

Mwalimu Mstaafu

Nayaunga mkono maelezo ya ndugu yangu wa Kibokoni, lakini ningeomba Ngome isifanywe kuwa mahali pa kupita tu. Tatizo la ziara nyingi ni kwamba mgeni huambiwa kuwa ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, kisha maelezo yakakomea hapo, kana kwamba Waswahili walikuwa watazamaji.

Dada, wasimulie watoto habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, aliyekuwa mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala kama rafiki yao. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Ngomeni, akamuua kapteni, akaiteka ngome yote, na akarudi katika dini ya wazazi wake. Baadaye waeleze pia mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza mwaka wa 1696 na kudumu hadi Desemba 1698, ambapo njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko mizinga, na ambapo Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na watu wake walibaki ndani kuilinda ngome pamoja na Wareno. Jambo hili huwashangaza wanafunzi, nami naliona ni muhimu sana, kwa sababu linaonyesha kwamba miji ya pwani haikuwa na msimamo mmoja.

Kuanzia mwaka wa 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa gereza. Kabla ya kutoka, tafuteni ukuta ambao mabaharia Wareno waliuchora meli na watu. Watoto hupenda kusimama hapo.

Bint Kuze

Mimi nitaongeza kuhusu mama. Nendeni Ngomeni asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, na kutoka hapo mkodi tuk-tuk kwa vipande vilivyo virefu. Vichochoro vina mabaraza ya kutosha, na mtu mzima akiomba kupumzika barazani hatanyimwa. Huenda akaletewa na maji. Kuhusu misikiti, nje hamna kizuizi, ila kuingia ndani ni kwa idhini ya wahusika, wakati usio wa swala, na kwa mavazi ya stara. Msichague Ijumaa adhuhuri. Tafadhali pia msiwapige picha kina mama wanaokaa milangoni kabla ya kuwaomba; wengi wetu hatupendi, hata tunapokaa kimya.

Njaa ikiwashika, tafuteni viazi karai. Mkiwa na nguvu bado, Marikiti, soko lililojengwa mwaka wa 1914, si mbali, na mama atapata iliki na mdalasini wa kupeleka nyumbani.

Mama Wawili, Nakuru

Nawashukuru nyote kwa moyo. Habari za Yusuf bin Hasan nimeshaanza kuwasimulia watoto. Nina swali moja lililobaki: je, ngazi za Leven mama ataziweza, na bandarini bado kuna majahazi ya kuwaonyesha watoto?

Mwana wa Kibokoni

Ngazi mama asiziteremke, kwani ni za kale na kuna utelezi karibu na maji. Akae juu kivulini, nanyi mshuke kwa zamu ili asibaki peke yake. Kuhusu majahazi, Januari ni majira ya kaskazi, upepo uliokuwa ukiyaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, nayo yakisubiri kusi ili yarudi. Siku hizi vyombo vikubwa ni vichache, kwa kuwa meli kubwa za mizigo huenda Kilindini, bandari ya kisasa, lakini mkikaa hapo alasiri kwa saa moja huenda mkaona chombo kinachopakia. Mkikiona, waulizeni mabaharia kinakwenda wapi, nao watawajibu kwa furaha.