Ushauri: kuunga kompyuta ya kuhariri video na gemu, niko Mwanza, bajeti milioni 2.8

Mhariri_Igoma

Wakuu habari za jioni. Naomba mnikague kabla sijatoa hela. Nataka kuunga kompyuta ya mezani. Mchana ni kuhariri video za harusi na sendofu kwenye Premiere Pro, usiku ni gemu, EA FC na Warzone. Skrini ninayo: inchi 24, 1080p, 144Hz. Bajeti ni milioni 2.8 na UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, iwe humo humo.

Nilichopanga: Ryzen 5 5600G, madabodi ya A520, RAM 16GB kijiti kimoja, kadi ya RX 6600, SSD ya NVMe 500GB, na kasha la feni sita za taa linalouzwa pamoja na pawa saplai yake ya "600W". Vitu vingi nitaagiza Kariakoo vije kwa basi. Umeme wa huku kwetu unapanda na kushuka, hasa jioni. Nimekosea wapi?

Fundi_Pasiansi

Mkuu, 5600G ni prosesa ya mtu asiye na kadi ya picha. Kache yake ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni 16MB, wakati 5600 ya kawaida ina 32MB, na PCIe yake, njia inayoiunganisha na kadi, ni ya kizazi cha 3. RX 6600 nayo hutumia leni 8 tu, kwa hiyo humo inabanwa mara mbili. A520 pia inaishia kizazi cha 3, hata ukibadilisha prosesa.

RAM chukua vijiti viwili vya 16GB vya pakiti moja. Kijiti kimoja kinaifanya prosesa isome kwa njia moja badala ya mbili, na kwenye gemu utaona picha zinarukaruka. Kwa video za 4K, 16GB zinajaa mapema.

Pawa saplai ndiyo inayonitia hofu zaidi. Igeuze usome kibandiko, tafuta mstari wa +12V, zidisha ampea zake kwa 12. Ukikuta 18A, hiyo ni 216W, hata kama ubavuni wameandika 600. Ya 550W ya kweli huwa na karibu 45A. Prosesa na kadi ya picha zote zinakula kwenye mstari huo mmoja. Na ile yenye swichi ndogo nyekundu ya 115/230 iache dukani: ikisogezwa 115 kwa bahati mbaya ukachomeka kwenye 230V yetu, inaungua papo hapo.

Sasa nijibu hili kabla hujanunua chochote: kamera inarekodi kwa kodeki gani, yaani inabana video kwa mtindo gani? H.264 au H.265? 4:2:0 au 4:2:2, ile inayohifadhi rangi nyingi zaidi?

Mhariri_Igoma

Sony, XAVC HS, yaani H.265, 4K, 10-bit 4:2:2. Ina uhusiano na prosesa?

Fundi_Pasiansi

Ina uhusiano mkubwa, na hapa orodha yako yote inabadilika. RX 6600 haifungui H.265 ya 4:2:2 kwa maunzi, yaani kwa chipu yake yenyewe. RTX 3060 vilevile haifungui. Kazi yote inaangukia viini vya prosesa, na ukiburuta kishale kwenye taimulaini picha inaganda. Moja ya vinavyoifungua ni picha ya ndani ya Intel, yaani chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa, kuanzia prosesa za mezani za kizazi cha 11.

Kwa hiyo chukua Core i5-12400, na kadi iwe RTX 3060. Angalia jina vizuri: 12400 bila herufi F mwishoni. F maana yake picha ya ndani imezimwa, na hiyo picha ya ndani ndiyo unayoihitaji. Wauzaji wengi watakusukumia F kwa sababu ni nafuu na "kadi si unayo?". Kataa.

Madabodi iwe B660 au B760, toleo la DDR4. Kuna matoleo ya DDR5 yenye jina linalokaribiana, na RAM za DDR4 haziingii humo. H610 iepuke: ina sloti mbili tu za RAM, na nyingi zina nafasi moja tu ya M.2, ya kuchomeka SSD ya NVMe. Diski iwe 1TB, kwa sababu 500GB zitajaa kwa harusi chache. Kazi zilizokwisha zihamishie kwenye diski ya kuzunguka ya 4TB, utaiongeza baadaye.

Nyegezi_Gemu

Mimi ningesema asubiri aende AM5, soketi ya AMD, na Ryzen 5 7600. Soketi ile itapokea prosesa mpya zaidi, LGA1700, ya hiyo i5-12400, imefika mwisho.

Fundi_Pasiansi

Kwa gemu peke yake nakubaliana nawe. Ila picha ya ndani ya 7600 haifungui 4:2:2, na kazi inayomlipa ni hiyo. DDR5 na madabodi ya AM5 pia zitakula hela ya UPS.

Ethi_Kwanza

Kwenye UPS nichangie, maana ndipo watu wanapobana hela kisha wanapoteza kompyuta nzima.

VA si wati. UPS ya 650VA mara nyingi hutoa kama 360W tu. i5-12400 inafika 117W ikikazwa, RTX 3060 ni 170W, ongeza feni, diski na skrini: uko kama 350W. UPS hiyo itapiga kelele na kuzima katikati ya mechi hata umeme ukiwepo. Tafuta iliyoandikwa angalau 600W, aina ya line-interactive yenye AVR, ili umeme ukishuka iupandishe bila kugusa betri. Isiyo na AVR itahamia kwenye betri kila jioni, na betri itakufa mapema.

Usitegemee kuchezea gemu kwenye betri. Betri moja ya 12V 7Ah ni 84Wh kwenye karatasi, na kwa mzigo huo inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Stebilaiza peke yake haikusaidii umeme ukikatika.

Jambo la pili ni ethi. Ukigusa chuma cha kasha ukasikia kama sindano, nyumba haina ethi au imekatika. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazovujisha umeme kidogo kwenda kwenye kasha, ukitegemewa uondokee kwenye ethi. Isipokuwepo, hata kinga ya kwenye ekstensheni haina pa kuutupa umeme mkubwa. Mwambie fundi umeme apime laivu kwa ethi, iwe karibu sawa na laivu kwa nyutro, na nyutro kwa ethi isizidi volti chache. Hapo mita inaonyesha kuwa waya upo. Ubora wa ethi yenyewe unapimwa kwa kifaa chake. Wenye nyumba za juu ya mawe, Mabatini, Igogo, Bugando, wawe waangalifu zaidi: fimbo ya ethi kwenye mwamba haishiki vizuri, huenda zikahitajika fimbo mbili au tatu zilizounganishwa penye udongo wenye unyevu.

Ngurumo za kanda ya ziwa mnazijua. Wingu likikaza chomoa ukutani, na waya wa intaneti uchomoe pia. Radi hupita huko vilevile.

Kirumba_Baridi

Kasha la feni sita liache. Kinachotakiwa ni uso wenye wavu unaopitisha hewa, siyo kioo, na chujio la vumbi linalotoka. Feni mbili mbele ziingize, moja nyuma itoe. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halinyonywi kwenye nyufa.

Na kwa sisi wa karibu na ziwa kuna vile vidudu vinavyokuja kama wingu usiku. Vinafuata mwanga. Kasha la taa karibu na dirisha lililo wazi linaviita, feni zinavinyonya, vinashikamana na vumbi kwenye mapezi ya kipoozeo hadi hewa haipiti. Zima taa za kasha, weka wavu dirishani, osha chujio kila wiki mbili msimu wao. Ukipuliza feni, ishike kwa kidole isizunguke.

Makoroboi_PC

RTX 3060 nunua yenye 12GB. Ipo ya 8GB yenye njia nyembamba ya kumbukumbu, 128-bit badala ya 192. Ukiona "3060 ya mezani" yenye 6GB, hiyo ni chipu ya laptop iliyopandikizwa kwenye ubao. Kadi ya mtumba ifungue kwa GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi: viini vya CUDA visomeke 3584, kumbukumbu 12288MB. Kisha muuzaji akuwekee FurMark, programu ya kuikaza kadi, dakika 15 ukiangalia. Madoa au skrini nyeusi, rudisha. Risiti ya EFD iandikwe namba ya kifaa, la sivyo dhamana itakuwa ya mdomo.

Na usikubali waiunge Dar kisha waipakie kwenye basi. Kadi nzito ikitikiswa safari nzima inavunja sloti. Vije kwenye maboksi yake, uunge hapa.

Fundi_Pasiansi

Kwenye kuunga, pini za LGA1700 ziko kwenye madabodi, usiziguse hata kwa kitambaa. Pembetatu ya prosesa ielekee ya soketi. Pesti ya joto kiasi cha punje ya njegere. Kipoozeo cha Intel kina vishikizo vinne vya plastiki: bonyeza kwa mshazari, viwili viwili, mpaka vilie, kisha geuza ubao uhakikishe vyote vimetokeza. Kimoja kikilegea, prosesa inafika nyuzi 100 na kujipunguza kasi, nawe utadhani ni mbovu.

RAM ziwe sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Waya wa umeme wa prosesa ulio juu kushoto ndio unaosahaulika sana: feni zinazunguka, skrini haionyeshi kitu. Ikiwaka, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi kabla ya Windows) uwashe XMP, bila hivyo RAM za 3200 huenda zikakimbia chini ya kasi yake.

Mhariri_Igoma

Nimeunga wakuu, imewaka, gemu safi. Ila Premiere bado inakwama, na Task Manager inaonyesha GPU moja tu, ya Nvidia.

Fundi_Pasiansi

Madabodi inazima picha ya ndani ikiona kadi. Ingia BIOS utafute iGPU Multi-Monitor, iweke Enabled. Rudi Windows, weka dreva ya picha ya Intel. Waya wa skrini ubaki kwenye kadi, na kwenye mipangilio ya skrini chagua 144Hz, mara nyingi huanza na 60. Halafu Premiere, Preferences, Media: weka tiki kwenye kufungua kwa maunzi upande wa Intel, uifunge na kuifungua upya. Ukicheza klipu ya 4:2:2, grafu ya Video Decode ya GPU ya Intel inatakiwa ipande, na prosesa ishuke.