Kompyuta rahisi ya nyumbani: Z80, 65C02 au RP2040?

Mwalimu wa Kayole: Wanajamvi, nataka kuunda kompyuta ambayo mwanafunzi ataiwasha na kukuta BASIC, lugha rahisi ya kuandikia programu, iko tayari, kisha aweze kuifungua aone kila kipande kinafanya kazi gani. Skrini itakuwa monita kuukuu ya VGA, ule muunganisho wa zamani wa picha. Kati ya prosesa hizi tatu, yaani chipu za kufanya hesabu, Z80, 65C02 na RP2040, ipi itanifaa bila kunifilisi?

Fundi wa Luthuli: Mwalimu, Z80 iondoe, kwani mwaka 2024 kampuni yake, Zilog, ilitangaza kuisitisha ile ya kawaida yenye pini 40, ilhali 65C02 bado inatengenezwa na kampuni ya WDC. Hata hivyo, usianze na prosesa. Anza na picha, kwa maana hapo ndipo pesa huishia. Picha ya nukta 640 kwa 480, nyeusi na nyeupe tu, hula baiti 38,400 za kumbukumbu, na 65C02 hufikia baiti 65,536 pekee kwa kila kitu. ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya 1982, ilitumia nukta 256 kwa 192 na kutoa rangi kwa kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8, hivyo skrini nzima ikaenea katika baiti 6,912.

Binti wa Saketi: Kwa bei, RP2040 haina mpinzani. Raspberry Pi Pico, bodi ndogo iliyobeba chipu hiyo, ilianza kuuzwa 2021 kwa dola 4, ina kilobaiti 264 za kumbukumbu, na hutoa VGA kwa rezista chache.

Mwalimu wa Kayole: Nakubali, dada, ila mwanafunzi ataona chipu moja iliyoficha kila kitu. 65C02 ya WDC inaweza kusimamishwa kabisa: ukiweka kitufe mahali pa saa yake, yaani mapigo yanayoiendesha, na taa 16 kwenye mistari ya anwani, inayoonyesha sehemu ya kumbukumbu inayofikiwa, kila ukibonyeza unaiona ikipiga hatua moja.

Fundi wa Luthuli: Basi 65C02 ifanye hesabu, Pico ichore kwa kumbukumbu yake yenyewe. Jihadhari na volti tu, maana Pico hutumia 3.3 na pini zake hazivumilii 5. Pico ifanye iwe ya kusikiliza 65C02 pekee: mistari minane ya data ipitie 74LVC245, chipu ya kupitishia ishara, inayolishwa volti 3.3, na ishara ya kuandika ipitie rezista mbili za kugawa volti.

Binti wa Saketi: Na kibodi?

Fundi wa Luthuli: Ya PS/2, ile ya zamani yenye plagi ya duara, kupitia 6522, chipu ya kuunganisha prosesa na vifaa vya nje. Usiipitishe kwa Pico, la sivyo itabidi irudishe data, na volti 3.3 hazitoshi kwa uhakika kusomwa kama 1, wala si 0, na 65C02 inayotumia volti 5.